Lango la Shamba la Wafalme wa Gharnata



Wazee wetu wa pwani walituachia methali isemayo: nyumba njema si mlango. Tumezoea kuitumia kwa wanadamu, tukimkanya kijana asihadaike na sura ya mchumba wala na nguo za rafiki. Hata hivyo, ni methali iliyotokana na watu waliojua kujenga. Katika mitaa yetu ya kale, mpita njia haoni ila ukuta mrefu uliopakwa chokaa, mlango, na baraza mbili za mawe. Uzuri wa nyumba, yaani ua wake wenye hewa, zidaka zake na nakshi za plasta, umewekewa wenyewe na wale waliokaribishwa.

Juma hili tunamwalika msomaji katika safari ya mbali kidogo, hadi mji wa Granada ulio kusini mwa Uhispania, ambao Waislamu wa Andalus waliuita Gharnata. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya kasri la al-Hamra. Sisi tutavuka bonde dogo lililo upande wa mashariki wa kasri hilo, tupande mteremko wa kilima kinachoitwa Kilima cha Jua, tufike kwenye shamba la wafalme lijulikanalo kwa Kihispania kama Generalife. Tukifika hatutakimbilia maua na chemchemi. Tutasimama langoni, kwa sababu lango la shamba lile lina habari ambazo familia ya Kiislamu inafaa kuzisikia.

Shamba kwanza, kasri baadaye

Jina Generalife limetokana na Kiarabu, Jannat al-Arif, na wengi hulifasiri kuwa bustani ya mjuzi au ya fundi mkuu wa ujenzi. Neno bustani lisitufanye tudhani kwamba palikuwa mahali pa kutembea jioni tu. Lilikuwa shamba hasa, lenye mashamba madogo manne yaliyopangwa kwa matuta mapana kando ya mlima na kuzungushiwa kuta. Palilimwa mboga na kupandwa miti ya matunda, na mazao yake yalilisha jumba la mfalme. Mashamba hayo yangali yakilimwa hadi leo, jambo ambalo ni nadra kwa shamba la zama hizo.

Ukoo uliomiliki ulikuwa Banu Nasr, watawala wa mwisho wa Kiislamu katika Andalus. Muhammad wa Kwanza alipofika Gharnata mwaka 1238 alifanya kazi moja iliyotangulia nyingine zote: alileta maji. Mfereji ulichimbwa kutoka Mto Darro, kilomita kama sita juu ya mji, ukapita ubavuni mwa kilima hadi al-Hamra. Pasipo mfereji ule pasingekuwa na kasri wala shamba. Kiarabu chake ni saqiya, na Wahispania hadi leo wanauita acequia, jina la Kiislamu katika kinywa cha Kikristo. Tawi mojawapo la mfereji linaitwa Tercio, yaani theluthi, kwa kuwa maji yaligawanywa kwa mafungu ili mashamba ya juu nayo yapate haki yake.

Jumba lililo ndani ya shamba hunasibishwa na Muhammad wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1273 hadi 1302. Mjukuu wake kwa binti, Sultani Ismail wa Kwanza, alilipamba upya mwaka 1319, na maandishi ya ukutani yanayomtaja yangalipo. Hapo ndipo watawala walipopumzikia walipochoshwa na baraza za serikali. Umbali kutoka kasrini haukuwa mkubwa, hata mtu angeweza kuitwa na kurudi upesi, lakini ulitosha kumtenga na kelele za mji. Hata huku kwetu watu wenye nafasi walikuwa na nyumba ya mjini na nyumba ya shambani, na siku za embe familia nzima ilihamia shambani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ladha ya jambo hilo.

Kuingia kwa hatua

Njia ya kale kutoka al-Hamra ilitokea kwenye mlango mdogo ulio chini ya mnara mmoja wa ukuta wa kasri, ikavuka bonde, kisha ikapanda katikati ya mashamba, huku na huku pakiwa na kuta ndefu. Aliyekuja kwa farasi hakuona mazao wala wakulima, na wakulima hawakumwona. Aliona mbingu na njia iliyo mbele yake, mpaka akafika langoni.

Lango lenyewe ni jengo la kawaida kabisa. Halina minara mirefu, wala matao ya fahari ya kumtisha mgeni. Asiyejua angedhani ameingia katika nyumba ya mkulima mwenye uwezo wa wastani. Ndani yake mna uwanja wa kwanza, ambao jina lake la leo la Kihispania maana yake ni uwanja wa kushukia farasi. Pembeni kuna viti vya mawe vya kukanyagia ili mtu ashuke au apande mnyama wake bila taabu, na kuna hodhi la maji la kuwanyweshea wanyama. Majengo ya pande mbili yalikuwa ya watumishi na farasi. Aliyefika hapa alimwacha mnyama wake, akapangusa vumbi, akapumua.

Zingatia mpangilio huo. Mfalme mwenyewe alishuka hapa. Jengo halikumruhusu aingie kwa kwato hadi mbele ya watoto. Pia maji ya kwanza yanayokutana na mtu katika shamba hili lenye sifa ya maji ni ya mnyama aliyechoka.

Kutoka hapo mtu hupanda ngazi na kuingia uwanja wa pili, ulioinuka zaidi na kupambwa kidogo, wenye varanda za matao ubavuni. Hapa ndipo mgeni alipongoja. Mbele yake ulisimama mlango wa jumba, nao si mkubwa. Una fremu ya marumaru, na juu yake vigae vya rangi vyenye alama ya ufunguo. Alama hiyo ya ufunguo iko pia kwenye Lango la Sharia la al-Hamra, lililojengwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1348, ambalo ni kubwa na limezungukazunguka ndani yake ili adui asipite moja kwa moja. Pale kwenye ngome ufunguo umewekwa juu ya tao refu linaloonekana kutoka mbali. Hapa shambani umewekwa juu ya mlango wa mtu mmoja mmoja, na huuoni mpaka uwe umeusogelea.

Ukivuka mlango huo bado hujafika. Unaingia katika kijumba chenye viti vya mawe, mahali pa walinzi. Kisha kuna ngazi nyembamba iliyosimama, ambayo watu wawili hawawezi kuipanda bega kwa bega. Ndipo unapotokea, ghafla na kwa pembeni, kwenye ua wa ndani: uwanja mrefu wa mita karibu 49 na upana wa mita karibu 13, mfereji wa maji ukipita katikati yake, maua na michungwa pande zote, na sauti ya maji ambayo hukuisikia ulipokuwa nje.

Msafiri wa leo hufika kupitia bustani mpya zilizopandwa karne ya 20, kisha huingia kwenye viwanja hivyo viwili. Wengi huvipita mbio, wakidhani ni vyumba vya kukatia tikiti. Wakipunguza mwendo wataona kwamba wanapitishwa katika daraja tatu: daraja ya kazi na wanyama, daraja ya wageni na kungoja, na daraja ya watu wa nyumbani. Kila daraja iko juu ya iliyotangulia, na kila moja ina mlango wake. Hakuna mahali ambapo mtu akisimama nje anaweza kuona ndani.

Sitara iliyojengwa kwa udongo

Kwa nini walijenga hivyo? Jibu la kwanza ni usalama, na hakuna atakayelipinga. Jibu la pili limo katika maandishi ya wakulima wa wakati ule. Mwaka 1348 mwanachuoni wa Almería aitwaye Ibn Luyun alikamilisha utungo wake mrefu juu ya kilimo, na mwishoni akaeleza namna ya kujenga nyumba katikati ya bustani. Alishauri ijengwe mahali palipoinuka, ielekee kusini, na mlango wake uwe upande mmoja. Maji yapite chini ya kivuli. Nyumba ikiwa na milango miwili, alisema, itakuwa na hifadhi zaidi na mwenyewe atapata raha zaidi. Mtu huyu alikuwa akifundisha kilimo, lakini suala la mlango na utulivu wa wakaazi hakuliona kuwa nje ya somo lake.

Jibu la tatu tunalijua bila kwenda Andalus. Katika Suratun-Nur, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi basi warudi, kwani hilo ni usafi zaidi kwao. Katika sura hiyo hiyo watoto na watumishi wanafundishwa nyakati tatu za kubisha hodi hata ndani ya nyumba yao wenyewe: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana, na baada ya Isha. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika mlangoni kwa mtu hakuukabili mlango. Alisimama kuliani au kushotoni, ili jicho lisitangulie ruhusa.

Fundi wa Gharnata alichukua adabu hizo akazitia katika ukuta. Njia inapopinda, jicho haliwezi kutangulia hata likitaka. Viti vinapowekwa langoni, mgeni anayeambiwa angoje haoni kwamba amedharauliwa, kwa kuwa ameandaliwa pa kungojea. Hivyo basi, sitara si kazi ya mwanamke peke yake, kana kwamba yeye ndiye wa kukimbia na kujificha kila sauti ya mwanamume inaposikika. Nyumba imebeba sehemu ya mzigo huo, na mwanamke anakaa uani mwake kwa raha, kichwa chake kikiwa kimetulia.

Ushahidi wa hili uko katika ua wenyewe. Upande wa magharibi, unaoelekea al-Hamra, leo kuna ukumbi mwembamba wenye matao yaliyo wazi, na wageni hupiga picha za mji kutoka hapo. Matao yale si ya Waislamu. Yalifunguliwa baada yao. Hapo awali ukuta ulikuwa mrefu na umefungwa, isipokuwa kijumba kimoja katikati chenye madirisha ya chini sana. Yaliwekwa chini kwa sababu watu waliketi juu ya mazulia na mito. Aliyeketi aliweza kuangalia mashamba na mji wote, na yeye asionekane. Wanawake wa jumba lile hawakunyimwa dunia. Walipewa mahali pa kuitazama kwa nafasi yao.

Vifaa vya ujenzi navyo havikuwa vya kifahari. Kuta nyingi ni za udongo ulioshindiliwa pamoja na chokaa, na matofali ya kuchoma. Mapambo ni ya plasta iliyochongwa, mbao na vigae, na marumaru imetumika kwa uchache. Anayesifu utajiri wa majengo yale asisahau kwamba wingi wake ni udongo na chokaa mikononi mwa mafundi waliojua hesabu.

Msafiri aliyeziona pwani zote mbili

Iko nyuzi moja inayoifunga Gharnata na Mombasa, nayo ni ya mtu mmoja. Ibn Battuta wa Tanja alipita Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kuelekea Kilwa. Alitaja ndizi na malimau na samaki, akawasifu wakaazi kwa dini na uchaji, na akaeleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa uangalifu. Jambo lililomvutia lilikuwa mlangoni. Kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima vifupi. Aliyetaka kuingia alichota maji, akaosha miguu, akaikausha kwa kuipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene, ndipo akaingia.

Karibu mwaka 1350 msafiri huyo huyo alifika Gharnata, akasifu bustani na mashamba yaliyouzunguka mji. Sultani Yusuf alikuwa mgonjwa, na hawakuonana. Aliyemkirimu alikuwa mama wa Sultani, ambaye Ibn Battuta anamtaja kwa wema na uchaji. Bibi huyo alimpelekea dinari za dhahabu za kumfaa safarini. Alikaa katika sitara yake na ukarimu wake ukatoka nje ya lango. Huko Gharnata ndiko pia alikokutana na kijana Ibn Juzayy, ambaye baadaye aliandika safari zake kwa ukamilifu, kazi iliyokwisha mwaka 1355. Habari za Mombasa ya karne ya 14 zimetufikia kwa kalamu ya mtu wa Gharnata.

Ibn Battuta hakuishi kuziona nyumba za mawe za Lamu tuzijuazo leo, ambazo nyingi ni za karne ya 18. Lau angeziona, angejua pa kukaa. Kuna daka, lenye baraza mbili zinazotazamana, ambapo mwenye nyumba hupokea mgeni wa haja fupi. Kuna tekani nyuma ya mlango, ambapo njia hupinda. Kisha kuna kiwanda, yaani ua usio na paa, na baada yake misana na ndani, kila chumba kikiinuka kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka chumba cha bibi wa nyumba ambacho ndicho kilichopambwa kuliko vyote. Hakuna haja ya kudai kwamba fundi wa Lamu alijifunza Andalus. Hawakuonana. Walikuwa wanafunzi wa adabu moja, mmoja akijenga kwa udongo na matofali, mwingine kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na majibu yao yakafanana.

Siku mlango ulipoamriwa uwe wazi

Gharnata ilisalimishwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wangebaki na dini yao, misikiti yao na mahakimu wao. Ahadi hiyo haikudumu miaka 10. Kuanzia mwaka 1499 watu walilazimishwa kubatizwa, na waliobaki wakaitwa Morisko, Wakristo kwa jina, na wengi wao wakiwa Waislamu kwa siri nyuma ya milango yao.

Watawala walilijua hilo, na ndiyo sababu waliuendea mlango. Mwaka 1567 amri ya Mfalme Philip wa Pili ilitangazwa Gharnata. Ilikataza lugha ya Kiarabu, kusemwa na kuandikwa. Ilikataza mavazi ya Kiislamu na kuwataka wanawake watembee nyuso wazi. Iliamuru hamamu zivunjwe. Na iliamuru milango ya nyumba za Wamorisko iachwe wazi siku za Ijumaa, siku za sikukuu na siku za harusi, ili anayepita aone kama humo ndani watu wanasali, wanafunga au wanaoa kwa sunna.

Mzee mmoja wa mji, Francisco Núñez Muley, aliyetoka katika ukoo wa heshima, aliandika waraka wa kujibu amri hiyo na kuupeleka kwa mkuu wa mahakama ya kifalme. Alijenga hoja kwa utulivu, jambo baada ya jambo. Alitetea hamamu kwa usafi wa watu. Alitetea mavazi kwa kuwa ni ya mji na masikini hawana uwezo wa kununua mengine. Kuhusu milango, alisema kuiacha wazi ni kuwafungulia wezi na watu wabaya njia ya kuwafikia wanawake majumbani. Waraka wake haukusikilizwa. Mwaka uliofuata milima ya Alpujarras iliasi, vita vikadumu hadi 1571, na Wamorisko wa Gharnata wakahamishwa kwa nguvu hadi mikoa ya ndani. Kati ya mwaka 1609 na 1614 Wamorisko wa Uhispania yote walifukuzwa nchini. Wengi walivuka bahari, wakajenga upya nyumba zao huko Morocco, Algeria na Tunisia, nazo zikawa na ua ndani na mlango uliopinda.

Ukilisoma lango la shamba ukiwa na habari hii, halibaki kuwa jengo la kupendeza tu. Watu wale waliponyang'anywa utawala, waliendelea kuishi. Waliponyang'anywa misikiti, walisalia nyumbani. Aliyetaka kuwamaliza alijua kwamba ngome yao ya mwisho ilikuwa mlango wa kawaida wa nyumba ya kawaida, na nyuma yake mama anayefundisha watoto Fatiha kwa sauti ya chini.

Yaliyobaki

Shamba lenyewe lilipewa wasimamizi wa kifalme, likadumu mikononi mwa ukoo wa Granada-Venegas, ambao wenyewe walikuwa kizazi cha jamaa wa Banu Nasr waliobatizwa. Baada ya kesi ndefu baina ya warithi na serikali, lilikuwa mali ya taifa kuanzia mwaka 1921. Mwezi wa Desemba 1958 moto uliteketeza sehemu ya majengo, na katika msiba huo mlikuwa na faida: wachimbaji walipofukua ua wa mfereji waliikuta ramani ya asili chini ya udongo uliorundikana kwa karne nyingi. Vitanda vya maua vilikuwa chini kuliko njia, hivi kwamba mtu aliyeketi aliona maua kama zulia lililotandikwa sawa na miguu yake. Mwaka 1984 al-Hamra na Jannat al-Arif ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama Lamu ilivyoingizwa mwaka 2001 na Gede mwaka 2024.

Sisi tuna mengi ya kutunza kabla ya kwenda kushangaa ya wengine. Katika miji yetu ya kale yapo madaka yaliyozibwa kwa matofali yakawa vyumba vya kupangisha, na zipo baraza zilizovunjwa ili gari lipate pa kuegeshwa. Katika mitaa mipya tunajenga nyumba za gharama kubwa, zenye geti refu la chuma na nyaya za umeme juu ya ukuta. Kisha fundi anaweka mlango wa sebule ukitazamana na geti, na mlango wa jikoni ukitazamana na sebule. Mwuza maziwa akifunguliwa anaona hadi kwenye sinki. Binti wa nyumba anakimbilia chumbani kila kengele ikilia. Tumetumia fedha nyingi kuliko wazee wetu kumzuia mwizi, na tumetumia fikira chache kuliko wao kumsitiri mama.

Dawa yake haihitaji utajiri. Familia inayochora ramani inaweza kumwambia fundi asiupange mlango wa ndani sawa na wa nje, bali ausogeze kando hatua tatu. Inaweza kuacha nafasi ndogo yenye baraza kati ya geti na sebule, ili mgeni wa haja fupi aketi, apewe maji, aheshimiwe, na wenye nyumba waendelee na shughuli zao. Anayeishi katika nyumba ya kupanga anaweza kuweka kabati au pazia zito mahali ambapo ukuta umekosekana. Na kina mama wawepo ramani inapochorwa, kwa kuwa wao ndio wakaao ndani kutwa na wao ndio wajuao jicho la mgeni linaangukia wapi.

Watoto nao wafundishwe hodi. Wafundishwe kusimama kando ya mlango, kubisha mara tatu, na kurudi bila kinyongo wasipojibiwa. Watu wa Andalus waliiweka adabu hiyo ukutani, na ukuta ukabaki baada yao zaidi ya miaka 500. Sisi tunaweza kuiweka katika nyumba zetu na katika watoto wetu kwa pamoja, In shaa Allah.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake, azitie baraka na utulivu, na awarehemu waliotutangulia wakailinda dini nyuma ya milango iliyokatazwa kufungwa. Amin.